Sakafu ya mbao ya ghorofani: jinsi ya kuipiga msasa na kuipaka upya mwenyewe

Nyumba nyingi za Mji Mkongwe wa Zanzibar, ukipanda juu, unakanyaga chokaa. Boriti za mikoko, mawe juu yake, kisha chokaa na udongo uliopondwa mpaka ukashika: hiyo ndiyo sakafu ya asili tuliyoizoea. Lakini zipo nyumba, khasa zile zenye duka chini na makaazi juu, ambazo vyumba vya ghorofani vimetandikwa mbao pana zilizogongomewa misumari moja kwa moja juu ya boriti. Kwetu Kiponda ni hivyo. Mimi na kaka yangu tumeachiwa na wazee ukumbi wa juu wa mita tatu kwa saba, na mbao zake zilikuwa hazionekani kwa polishi nyekundu ya miaka na miaka.

Kazi hii nimeiona ikifanywa mara mbili. Mara ya kwanza nilimwachia fundi, akaja na grainda, akaitia duara la msasa na kuizungusha ukumbi mzima. Saa mbili hazijatimia, kamaliza. Nikamuuliza, "Fundi, mbona hapa pana mawimbi?" Akanijibu, "Usihofu dada, vanishi itafunika." Vanishi haikufunika kitu. Jua la saa kumi lilipoingia dirishani siku ya pili, kila alama ya grainda ikajitokeza, nusu duara juu ya nusu duara, mia kwa mamia, kama magamba ya changu. Nimekaa na magamba yale miaka minne. Mara ya pili nikaifanya mwenyewe, na seremala mmoja mzee wa mtaani akawa anapita jioni kunikosoa. Ninayoyaandika hapa yametoka kwenye mara zote mbili.

Kwanza, mbao ni nzima?

Usinunue hata karatasi moja ya msasa kabla hujakagua. Chukua bisibisi ya ncha bapa na nyundo ndogo, uende chumba kizima ukigonga. Ubao mzima hutoa sauti kavu, ya juu. Ulioliwa ndani huitika kwa sauti iliyofifia, kama unagonga boksi. Tia alama ya chaki kila unapopatilia shaka.

Halafu piga magoti pembezoni mwa kuta. Hapo ndipo vichwa vya boriti vinapoingia ukutani, na ukuta wa mawe na chokaa hunyonya maji ya mvua ukayashikilia. Boriti huanza kuoza kichwani, ndani ya ukuta, huku katikati yake ikiwa bado ngumu kama chuma. Ndiyo maana mtu anaweza kuruka katikati ya chumba na kusema sakafu ni imara, kumbe imeshikwa na inchi mbili za mti mzima kila upande. Chomeka bisibisi. Ikigoma, vizuri. Ikizama kama kwenye papai lililoiva, kazi ya msasa imeishia hapo kwanza. Shuka chini uitazame dari ya chumba cha chini kwa tochi: tafuta doa la maji, vichuguu vyembamba vya mchwa vinavyopanda ukutani, na vishimo vidogo vinavyotoa unga. Kuhusu unga huo, ufagie, weka karatasi nyeupe chini yake, urudi baada ya wiki. Karatasi ikiwa safi, wadudu walishaondoka zamani. Ikiwa na unga mpya, bado wamo, na inabidi dawa ipigwe kabla ya jambo jengine lolote.

Kupiga msasa na kupaka ni matunzo ya kawaida. Kubadilisha boriti au kugusa ukuta ni jambo jengine. Mji Mkongwe umo katika Urithi wa Dunia tangu mwaka 2000, na kazi za namna hiyo zinataka kibali cha Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe. Na kama nyumba ni ya wakfu au umeipanga kwa Serikali, omba ruhusa kwa maandishi hata kwa msasa. Utakaposhitakiwa kwamba umeharibu, neno la mdomo halitakusaidia.

Kipimo cha mwisho ni unene. Tafuta mahali ubao unapoonekana ubavu, kwa kawaida juu ya ngazi, uweke rula. Kupiga msasa kwa mashine kuanzia namba ya kukwaruza hadi laini huondoa karibu milimita moja, na mbao zikiwa na mabonde huondoa zaidi. Hizi zetu hazina kitu chini yake, ni ubao, hewa, kisha kichwa cha mtu wa chini. Zikiwa zimeshakonda hadi milimita 15 hivi, mimi nisingezigusa na mashine. Zioshe, zikwangue kwa mkono, uzipake mafuta, basi.

Mti gani, na juu yake pana nini?

Kwangua kidogo kwenye pembe iliyojificha, chini ya kabati. Msaji hutoka wa rangi ya asali inayoelekea kahawia, una mafuta mkononi na harufu kama ya ngozi ya viatu. Mvule huanza kimanjano ukaja ukakolea kwa mwanga. Mninga una wekundu wenye michirizi, na mbambakofi ni mzito, mwekundu, na humaliza makali ya randa. Kuujua mti kuna faida mbili. Vumbi la mvule huwasha: pua zitakutiririka na ngozi itakuwasha, kwa hivyo barakoa si pambo. Na msaji na mvule zina mafuta ya asili yanayoweza kuikataa vanishi, jambo ambalo nitalirudia mbele.

Sasa kilichopakwa. Dondosha tone la maji. Likikaa juu kama lulu, pana kitu kinachozuia. Likinywewa mara moja, mbao ziko uchi. Chukua kitambaa cheupe chenye tapentaini, sugua. Kikitoka na wekundu au umanjano wa kunata, ni nta au polishi. Sugua mahali pengine kwa spiriti nyeupe ya kuwashia. Pakilainika na kunata kama asali, basi ni vanishi ya kizamani ya utomvu.

Kama ni rangi nzito ya mafuta, tabaka juu ya tabaka, hapo pana hatari. Rangi za zamani zilichanganywa madini ya risasi, na vumbi lake hudhuru ubongo wa mtoto hata likiwa kidogo. Usiipige msasa mkavu abadan. Ilowanishe au ipake dawa ya kubandua rangi, ikwangue ikiwa mbichi, kusanya maganda yote katika mfuko ufunge. Watoto na wenye mimba wahamie kwa jamaa mpaka chumba kimefutwa kwa maji ya sabuni.

Msimu na saa

Mbao hupumua. Masika, Machi hadi Mei, huvimba na kubanana. Miezi mikavu husinyaa, na nyufa zikafunguka hadi ukaona taa ya chini. Mimi naipenda miezi ya Kusi, Juni hadi Septemba, kwa kuwa kuna ubaridi kidogo na mvua ni chache. Januari na Februari pia inafaa, isipokuwa joto hukausha vanishi kabla brashi haijafika mwisho wa ubao. Vuli usijaribu.

Kwa siku, vanishi ipakwe kati ya saa tatu na saa sita mchana. Asubuhi mapema ubao una unyevu wa usiku. Jioni, hewa ya bahari huanza kutua, na vanishi ambayo bado mbichi hupata ukungu mweupe usiotoka ila kwa msasa.

Vifaa

Kwenye video za Marekani na Ulaya utaona watu wanakodi mashine kubwa ya kusukuma, yenye ngoma iliyozungushiwa msasa. Sikuipata ya kukodi hapa, na hata ningeipata ningeogopa: ukisita nayo pumzi moja tu, imechimba bonde. Kwa chumba kimoja, mashine ya mkono ya mkanda, yenye mkanda wa upana wa milimita 75 au 100, inatosha kwa kazi nzito, na ile ndogo ya duara inayotetemeka kwa kumalizia. Azima au kodi kwa maseremala. Ongeza kikwaruzo cha chuma chenye makali, msasa wa karatasi kwa pembe, nyundo, msumari mnene uliokatwa ncha, sumaku, barakoa nzuri (si ile ya kitambaa), vizibo vya masikio, brashi ya nywele laini, na ndoo ya chuma yenye mfuniko. Msasa nunua namba 40, 60, 80 na 120, pamoja na 220 kwa katikati ya mikono, yaani matabaka, ya vanishi. Namba ikiwa ndogo, chembe ni kubwa.

Waya wa umeme wa kurefushia ukunjue wote, hata kama unahitaji mita tatu tu. Ukiachwa umejiviringisha huku mashine inavuta umeme saa nzima, hupata moto hadi plastiki ikayeyuka.

Watu wa chini

Jambo hili hakuna video iliyonitahadharisha nalo. Sakafu zetu hazina dari katikati. Vumbi linapita kwenye nyufa moja kwa moja. Chini yetu pana fundi cherehani. Siku ya kwanza nilimwambia kuwa "kutakuwa na kelele kidogo", nikapanda kuwasha mashine. Baada ya nusu saa nikasikia ngazi inagongwa. Alikuwa amesimama na kanzu mbili mkononi, za watu, za Iddi, nyeupe jana na leo rangi ya chai ya maziwa. Nilizifua mwenyewe mara tatu, na moja nililipa.

Kwa hivyo: waambie majirani siku mbili kabla, taja saa za kuanza na kumaliza, na uache mashine ikiadhiniwa. Chini, funga turubai la nailoni dari nzima kwa vipande vya mbao na misumari midogo, sio kwa gundi ya karatasi ambayo haishiki kwenye chokaa. Juu, ziba nyufa pana kwa kamba ya katani au vitambaa wakati wa kupiga msasa. Milango ya vyumba vyengine funika kwa kanga chakavu zilizoloweshwa. Vumbi hukamatwa na unyevu.

Kuitoa polishi nyekundu

Ukiipiga msasa polishi kabla hujaitoa, joto la mashine huiyeyusha, huziba chembe zote, na mkanda mpya unakufa ndani ya dakika mbili. Mbaya zaidi, unaisukuma nta ndani ya mti, ambako itaikataa vanishi.

Nilifanya kipande kwa kipande, mita moja ya mraba. Mimina tapentaini kidogo, sambaza kwa brashi ngumu, acha dakika tano, kisha kwangua kwa kikwaruzo ukifuata urefu wa ubao. Kinachotoka ni uji mzito mwekundu, kama achari ya pilipili iliyoharibika. Uchote kwenye kopo, futa kwa kitambaa, rudia. Madirisha yote wazi, hakuna jiko, hakuna sigara, hakuna chetezo. Ukumbi wetu ulinichukua siku mbili na nusu na magoti yakavimba. Tandika godoro la zamani chini ya magoti tangu siku ya kwanza, usisubiri kama nilivyosubiri mimi.

Utajua umefika pale kitambaa cheupe kinapotoka na uchafu wa kawaida, wa kijivu, bila wekundu.

Misumari

Msumari mmoja ulioinuka hupasua mkanda wa msasa na huweza kutoa cheche, na cheche katika vumbi la mbao si mchezo. Buruta sumaku juu ya kila ubao, kisha usiku zima taa na ulaze tochi sakafuni: kila kichwa cha msumari kitatupa kivuli. Izamishe misumari kwa ule msumari mnene uliokatwa ncha, milimita tatu chini ya uso wa ubao.

Iliyokula kutu hukatika kichwa. Usihangaike kuing'oa, utapasua ubao. Izamishe ilivyo, na ongeza skrubu pembeni yake, ya shaba au ya chuma kisichoshika kutu. Chuma cha kawaida, pamoja na hewa yetu ya chumvi, huvimba ndani ya mti, na kikikutana na mbao hizi nzito za asili huacha doa jeusi kama wino. Ubao unaolia unapokanyagwa, tafuta boriti iliyo chini yake uukaze sasa, kwa sababu baada ya vanishi hutataka tena kuutoboa.

Msasa

Neno lenyewe ni la mti. Msasa ni mti wenye majani makavu yanayokwaruza, na mafundi wa zamani walisugulia mbao kwa majani hayo kabla ya karatasi za dukani. Seremala wangu alinikumbusha hivyo aliponikuta naikandamiza mashine kwa mwili mzima: "Jani halikandamizwi, mwanangu. Unalipitisha." Mashine nayo ni hivyo. Uzito wake wenyewe unatosha.

Anza na namba 40 ikiwa mbao zimepinda au zina mawimbi kama yangu. Kama ni mikwaruzo tu, anza na 60. Ubao wa zamani mara nyingi hujikunja, katikati ikawa bonde na kingo zikainuka. Kwa mara ya kwanza tu, pitisha mashine kwa mshazari, ukikata njia ya mbao kidogo, ili ishushe kingo. Baada ya hapo kila mpito unafuata urefu wa ubao, bila ubishi. Alama inayofuata nyuzi za mti hujificha. Inayokata nyuzi huonekana toka mlangoni.

Mwendo ni huu. Washa mashine ikiwa hewani. Ishushe huku inatembea. Iendeshe taratibu, mwendo wa mtu anayesukuma mtoto kwenye pembea, na uinue kabla hujasimama. Mashine ya mkanda haisimami juu ya ubao ikizunguka, hata kwa kukohoa. Kila mpito uchukue nusu ya ule uliotangulia.

Utajuaje kama pametosha? Chora kwa penseli, mistari ya kukatisha, chumba kizima, piga msasa mpaka yote imefutika. Ikibaki mahali, hapo ni bonde ambalo mashine hailifikii. Lipitie zaidi, au ukubali bonde libaki na ulisugue kwa mkono. Usichimbe shimo ili ufute mstari wa penseli. Kisha fagia kabisa, futa, chora tena, nenda namba 60. Halafu 80, halafu 120 kwa mashine ndogo ya duara. Usiruke namba. Kila namba kazi yake ni kufuta mikwaruzo ya iliyotangulia. Ukitoka 40 ukaenda 120, mikwaruzo ya 40 itabaki, hutaiona, na vanishi itakuonesha. Na fagia kati ya namba na namba, kwa sababu chembe moja ya 40 iliyobaki chini ya msasa wa 120 huchora mstari mrefu wa hasira.

Kando ya ukuta na pembeni mashine haifiki. Hapo ni kikwaruzo, ukikivuta kuelekea kwako, kikifuatiwa na msasa uliozungushiwa kipande cha mti. Kikwaruzo kikiwa na makali hutoa vinyuzi vyembamba vilivyojikunja. Kikianza kutoa unga, kinoe. Mimi nilitumia siku nzima kwenye kando peke yake, na ndiyo siku iliyonipa raha kuliko zote, kwani msaji ulitoka chini ya chuma ukiwa na harufu mpya baada ya umri wote ule.

Usiende zaidi ya 120. Uso ukilainishwa mno hauinywi vanishi ya kwanza, nayo haishiki.

Vumbi utakalokusanya limwage nje, lisilale ndani usiku. Vumbi la mbao lililochanganyika na mabaki ya polishi au vanishi linaweza kujiwasha lenyewe.

Nyufa na madoa

Nyufa kati ya mbao, ushauri wangu ni uziache. Ukizijaza uji wa unga wa mbao na gundi, zitapendeza mpaka Masika. Mbao zikivimba zitauponda, zikisinyaa utadondoka kwenye cherehani ya watu. Ufa mpana sana, unaopitisha sarafu, chonga kijiti cha mti uleule, kipake gundi upande mmoja tu, ukipachike, ukisawazishe kwa randa. Upande mmoja tu, ili mbao ziendelee kupumua. Unga wa mbao zako mwenyewe uliochanganywa na gundi utumie kwenye vichwa vya misumari na vishimo vidogo.

Madoa ya maji ya kijivu hutoka kwa msasa. Meusi ya chuma hutoka nusu. Ya moto hayatoki. Katikati ya ukumbi wetu pana duara jeusi la kitako cha chetezo, la tangu enzi za bibi, na nilianza kulikwangua kwa nguvu hadi mzee akanishika mkono. Ameona nimeshachimba milimita mbili na weusi haujapungua. Tumeliacha. Leo mkeka unalifunika nusu.

Vanishi au mafuta?

Mafuta ya kitani yaliyochemshwa huingia ndani ya mti, huacha uso wa asili, na pakikwaruzika unapaka hapohapo tu. Ila yanachukua siku kukauka katika unyevu wetu na yanataka kurudiwa kila mwaka. Mafuta ya nazi usithubutu: hayakauki, yananata vumbi na kuita siafu. Sifa, yaani mafuta ya papa, iachie jahazi.

Vanishi ya poliyurethani ya mafuta ni ngumu, hustahimili miguu, huongeza umanjano wa asali, na inanuka siku mbili tatu. Ya maji haina harufu kali na hukauka upesi, lakini kwa joto letu hukauka upesi kupita kiasi, ikaacha alama pale brashi zilipokutana. Wauza duka watakupigia debe vanishi ya boti, kwa kuwa "inastahimili bahari". Kweli inastahimili, kwa sababu imetengenezwa kuwa laini ijinyooshe na mti juani. Ulaini huohuo, sakafuni, kila mguu wa kiti utaacha alama. Nilichagua poliyurethani ya mafuta, isiyong'aa sana. Inayong'aa sana inafaa kwa mtu asiye na vumbi wala watoto.

Hesabu yake: lita moja hupaka karibu mita 10 za mraba kwa mkono mmoja. Ukumbi wa mita 21 za mraba, mikono mitatu, ni mita 63, yaani lita sita na kitu. Nilinunua makopo mawili ya lita nne, yenye namba moja ya toleo, na kilichobaki nimekihifadhi kwa marekebisho.

Kupaka

Fagia kuanzia juu ya milango kushuka. Ngoja saa moja vumbi litue, fagia tena, futa kwa kitambaa kilicholoweshwa tapentaini kidogo. Kwa msaji na mvule, futa pia kwa spiriti au tina ili kuondoa yale mafuta ya asili, na upake siku hiyohiyo ikishakauka, kabla mafuta hayajapanda tena.

Vanishi haitikiswi, koroga polepole kwa kijiti, la sivyo mapovu utayaona milele. Mimina kiasi kwenye bakuli, uichuje kwa soksi nyembamba ya zamani. Mkono wa kwanza upunguze kwa tapentaini kama kopo linavyoelekeza, uingie ndani ya mti. Anza pembe ya mbali na mlango, paka mbao mbili mbili toka mwanzo hadi mwisho, huku ukirudi nyuma kuelekea nje. Usisimame katikati ya ubao. Ukikauka nusu, mpaka utaonekana. Brashi iliyopita haikurudi: ukiona kasoro baada ya dakika kumi, iache, utaitoa kwa msasa kesho.

Funga mlango, na kabla ya kuufunga hesabu paka. Mji huu hauna nyumba isiyo na paka, na wetu alipita juu ya nilichokipaka akaenda zake dirishani. Nyayo sita, zimenyooka vizuri. Namba 220 ikazimaliza, lakini na siku yangu ikaisha.

Ngoja saa 24, au zaidi kukiwa na unyevu. Jaribu kwa msasa wa 220: ukitoa unga mweupe, imekauka, ukinata, subiri. Isugue yote kwa mkono mwepesi, futa, paka mkono wa pili. Rudia kwa wa tatu.

Matambara. Yale yenye mafuta ya kitani hupata joto yanapokauka, na yakikunjwa pamoja kwenye kona huwaka yenyewe bila kiberiti. Yenye vanishi ya mafuta nayo usiyaamini. Yatie kwenye ile ndoo ya chuma yenye maji, ufunike, au yaanike nje moja moja mpaka yakakamae. Vichochoro vyetu gari la zimamoto halipiti.

Baada ya hapo

Miguu mitupu baada ya siku moja. Samani baada ya siku nne tano, zikiinuliwa, zisiburutwe, na miguu yake ivishwe vipande vya kitambaa kizito. Mikeka na mazulia subiri wiki tatu, maana vanishi ikifunikwa mapema haikomai na hushika alama ya ukindu. Udi na ubani usifukizwe chumbani mpaka harufu ya vanishi imekwisha kabisa, na tangu hapo chetezo kikae juu ya sinia.

Viatu tunaviacha chini ya ngazi, kwa hivyo mchanga, ambao ndio adui mkubwa, haupandi sana. Kinachoua sakafu hizi ni deki. Tumezoea kumwaga maji na kuyasukuma kwa fagio. Kwenye mbao maji yanaingia kwenye nyufa na kukaa juu ya boriti. Kitambaa kilichokamuliwa mpaka hakidondoki, basi.

Na kila baada ya Masika, dondosha tone la maji pale wanapopita watu wengi, mlangoni na mbele ya ngazi. Likisimama, endelea na shughuli zako. Likianza kutandazika na kuuacha ubao umeiva rangi, usingoje lizame: toa namba 220, sugua sehemu hiyo kwa mkono ubao mzima toka mwisho hadi mwisho, na upake mkono mmoja wa ile vanishi uliyoihifadhi. Ni kazi ya asubuhi moja, na mashine inabaki kwa seremala.